Alama Iliyoangalia Miguuni

Chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Fundi alimfumba macho mchumba wake, Tochi, kwa viganja vyake tangu mlangoni mwa zahanati ya mjomba wake, akamwongoza polepole kwenye korido huku akimnong'oneza asije akapiga teke ndoo ya chokaa. Tochi aliongozeka. Viganja vile vilinukia sabuni na waya uliochomelewa, harufu ambayo siku hizi akikutana nayo hata kwenye duka la redio moyo unamwenda mbio, na mwanamke akishafika hapo, jamani, hana tena ujanja. Angejua kilichokuwa mbele yake, angeiomba ile mikono ikae palepale.

"Haya, fumbua," Fundi alisema.

Akafumbua. Chumba kilikuwa cheupe pe. Dirishani palikuwa na pazia zito la buluu la kuzuia mwanga, katikati kitanda kipya cha wagonjwa, na ubavuni mwa kitanda mashine ya ultrasaundi iliyokwisha kuwashwa, skrini ikimeta gizani. Fundi akamgeuza aone mlango. Kibao kilikuwa kimepigiliwa kwa misumari mipya, kimeandikwa kwa herufi kubwa: BIBI MPIMAJI YUPO.

"Bibi mpimaji ni nani?" Tochi aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Si wewe, mpenzi."

Alitabasamu, maana uso wa Fundi ulikuwa uso wa mtu aliyeleta zawadi, na nani ana roho ya kuuzima uso wa namna hiyo. Lakini yeye pia alikuja na zawadi yake. Tangu asubuhi alikuwa anaipanga mdomoni: nimekubaliwa chuo.

Tochi si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa muuguzi mkunga kwenye hospitali kubwa ya mji, mtu wa wodi ya wazazi, aliyepokea watoto ambao sasa wanasumbua walimu shuleni. Siku moja mashine ya ultrasaundi ya pale wodini ilizimika, akaitwa fundi wa mashine za hospitali, kijana mrefu mwenye begi la bisibisi na mdomo usiotulia. Chumba cha mashine hakikuwa na dirisha. Fundi akauliza nani ana tochi, na yeye akajitokeza. Alimulika mchana kutwa. Kila alichokigusa yule fundi, muuguzi alitaka kujua kinafanya kazi gani, mpaka mwishowe fundi akaweka bisibisi chini akamtazama vizuri. Akamwambia, mkono wako hautetemeki, dada. Mkono kama huu si wa kuimulikia mashine, ni wa kuishika.

Basi akakosa usingizi kwa mambo mawili kwa mpigo: lililosemwa, na aliyelisema.

La aliyelisema lilijitatua lenyewe. Mashine za wodi ile zilianza kuhitaji ukaguzi mara kwa mara kuliko mashine za wodi nyingine yoyote, wauguzi wakaanza kukohoa kila Fundi akipita, na haukupita muda mrefu posa ikaletwa nyumbani kwao ikapokelewa. Jina la Tochi likabaki. La lililosemwa ndilo lililomtoa jasho. Aliuliza kila aliyevaa koti jeupe: mtu huwaje mpimaji wa ultrasaundi? Akaambiwa kuna njia ndefu, ya kuanza upya na digrii ya picha za hospitali pamoja na vijana waliotoka shule jana. Hiyo aliiona itamzeesha. Kuna masomo ya kwenye simu, aliyafuata kwa hamu akaijua nadharia ya mawimbi ya sauti mpaka akawa anaihubiri jikoni, lakini simu haiwezi kukushika mkono ikakuambia hapana, inamisha kidogo, bonyeza hapa. Kuna vyeti vya wiki chache, vya kutundikwa ukutani. Na kuna diploma ya watu kama yeye, waliokwisha kuwa wauguzi au waganga: miaka miwili, katika mji wa mbali, darasani kwanza kisha wodini chini ya macho ya walimu, na mwisho mtihani wa baraza la taaluma hiyo na leseni. Hiyo ndiyo aliyoiomba. Hiyo ndiyo iliyomkubali juzi.

Kabla hajalitoa neno, korido ilijaa watu. Mbele alikuwa Mjomba, mwenye zahanati, mtu mnene mchangamfu aliyeanza maisha na duka la dawa na ambaye hajawahi kukutana na jambo asiloweza kulipatia njia ya mkato. Nyuma yake Mama, mamake Fundi, mkoba begani na macho yanayopima pazia kama amelishona. Mwisho alikuwa Wifi, dada mdogo wa Fundi, mimba yake imefikia ile hatua ambayo mtu anaingia mlangoni kwa awamu.

Mjomba alikuwa na hotuba. Kwa kifupi, mambo yote tayari. Yupo jamaa yake anayetoa mafunzo ya wiki chache, cheti kinatoka mwisho wa mwezi, na mwezi unaofuata Tochi anaingia chumba hiki akiwa Bibi Mpimaji, tena mke wa mtu, maana Mama ameshaongea na upande wa pili kuhusu tarehe ya harusi. Fundi ameitafuta mashine mwenyewe, amekuwa akiitengeneza kila jioni, na ameshamkubalia Mjomba kila kitu kwa niaba ya mwenzake. Alimaliza kwa kucheka na kupiga makofi peke yake.

Tochi aliisikia ile "kwa niaba".

"Mjomba, asante," alisema. "Mama, asante. Lakini nimekubaliwa chuo. Nakwenda kusoma."

Mama ndiye aliyeanza, na hakuanza kwa ukali, maana Mama hakuwa mkali, alikuwa na hoja. Aliuliza ni muda gani, akajibiwa. Aliuliza ni wapi, akajibiwa. Akaketi juu ya kile kitanda kipya.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na shule," alisema. "Ila fimbo ya mbali haiui nyoka. Mke unamwoa Jumamosi, Jumatatu anapanda basi, huyo ni mke wa nani? Wa simu?"

Mjomba akadakia kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tochi akamjibu kwa adabu kwamba haraka haraka haina baraka. Wifi, aliyekuwa ameegemea mlango akijipepea kwa kitambaa, akasema methali hizo mbili zimegombana tangu enzi za mababu na haijapata kushinda hata moja, kwa hiyo waachane nazo. Hakuna aliyecheka isipokuwa mwenyewe.

Tochi hakuwa anamwangalia Mjomba wala Mama. Alikuwa anamwangalia Fundi. Yule mtu wa maneno mengi alisimama karibu na dirisha, kidole kinachezea ukingo wa pazia. Tochi akamwendea mpaka karibu, wakawa wanaongea chini chini, ingawa katika chumba kidogo namna ile chini chini ni heshima tu, kila mtu anasikia.

"Ulijua nimeomba chuo."

"Nilijua."

"Sasa umemkubalia vipi Mjomba?"

"Nilijua umeomba. Sikujua utapata."

Kuna maneno ambayo hayakusudiwi kuchoma, yanachoma hivyo hivyo. Tochi alimtazama mtu aliyemwambia mkono wake hautetemeki, akaona kwamba siku zote alipokuwa anamsaidia kujaza maombi, akimtilia chai, akimcheka anavyotamka majina ya mishipa, moyoni alikuwa anangojea akataliwe. Hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira yalikuja mapenzi yaleyale, maana ukimpenda mtu hata ukimkasirikia unamkasirikia huku umependa. Machozi yalimfikia kwenye kope akayarudisha. Asingeyamwaga mbele ya Mjomba.

Mjomba naye, kwa kuwa hapendi kimya, alipata wazo. Kwa nini wanabishana juu ya kitu ambacho hawajakionja? Mashine ipo, mpimaji yupo, na mgonjwa, alisema akimwonyesha Wifi, mgonjwa amekuja na tumbo lake. Ajaribu tu. Wakiona anaweza, chuo cha nini?

Tochi alisema hapana. Alieleza kwamba wodini humsaidia daktari anayepima, husimama pembeni akiangalia, lakini kuishika mwenyewe, peke yake, bado. Wifi tayari alikuwa amemwondoa Mama kitandani na kulala chali, gauni limepandishwa, akisema daktari wake kila mara humgeuzia skrini upande usioonekana na leo anataka kumwona mwanawe akiwa na ndugu zake. "Wifi, nifanyie hisani," alisema. "Nataka kumwona tu."

Tusimtetee sana binti wa watu. Ombi la Wifi lilimlainisha, ndiyo, lakini kilichomwinua ni kitu kingine. Alitaka Fundi aone. Alitaka yule aliyesema "sikujua utapata" amwone ameishika ile mashine, mkono haujatikisika. Kiburi, kwa lugha nyingine.

Akanawa mikono. Akamimina jeli juu ya tumbo, Wifi akaruka kwa baridi. Akakichukua kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, ambacho wapimaji hukiita probu, akakiweka katikati ya tumbo, akakitelezesha.

Na mtoto akatokea. Kwanza ubavu, mifupa imepangika kama meno ya kitana, kisha kitu kidogo kinachodundadunda, moyo, mbio mbio. Wifi akaanza kulia na kucheka. Mama akasogea, miwani mkononi. Mjomba akapiga makofi, akasema si unaona, si nilisema. Mkono wa Tochi haukutetemeka hata kidogo, na kwa pembe ya jicho alimwona Fundi akiwa ameacha pazia, macho yametulia juu yake, yamejaa ile fahari ambayo ndiyo iliyompata tangu mwanzo. Kwa muda ule alifurahi. Akatafuta kichwa cha mtoto. Akakipata upande wa kushoto wa skrini, mviringo mzuri mweupe. Kushoto mwa skrini ni kule kichwani kwa mama. Hilo alilijua hata usingizini.

Furaha ikamtoka.

"Wifi," aliuliza polepole, "daktari alikuambia mtoto amelalaje?"

"Vizuri. Kwani vipi?"

Alipaswa kunyamaza. Hakunyamaza. "Naona kichwa kiko juu," alisema. "Kama vile ametanguliza makalio."

Loo, laiti neno lingekuwa na mkia, ungelivuta likarudi. Wifi aliyekuwa anacheka akaacha, akashika kingo za kitanda. Akauliza kama ndiyo atapasuliwa. Akauliza kama mtoto amejigeuza au daktari alimdanganya. Mama akaanza kutafuta simu kwenye mkoba asiione, mpaka funguo zikaanguka sakafuni. Alikuwa anasema ampigie mkwe wake, mume wa Wifi, aje na gari sasa hivi, binti hatakaa hapa, mwezi wenyewe ndio huu. Mjomba, aliyekuwa anapiga makofi, alitafuta mahali pa kuiweka mikono yake.

Tochi aliweka probu chini. Hakujua amefanya nini, ila mikono yake ilijua la kufanya. Akafuta jeli, akasimama upande wa miguuni kama anavyosimama wodini kila siku ya Mungu, akaweka viganja vyote viwili juu ya tumbo, akafumba macho, akapapasa. Juu, chini ya mbavu: laini, pana, makalio. Akateremka. Pembeni mgongo, pembeni vidole na magoti vinavyomsukuma. Akafika chini kabisa, juu ya nyonga, akabana taratibu. Kigumu, cha mviringo, kimetulia mahali pake.

Kichwa. Kiko chini, kinapotakiwa kuwa.

Alifumbua macho akaiangalia probu pale alipoiweka. Ubavuni ina kinundu kidogo, alama, ambayo mpimaji huielekeza kichwani kwa mama, ili skrini nayo ijue juu ni wapi. Akakumbuka alivyoichukua kwa pupa, macho yakiwa kwa Fundi. Akaichukua tena. Alama ilikuwa imeangalia miguuni.

Wakati huo angeweza kujiokoa. Angesema mtoto amejigeuza, nani angembishia? Mjomba angepiga makofi tena, na pengine harusi ingekuwa mwezi ule ule. Alivuta pumzi.

"Mtoto amelala vizuri," alisema. "Kichwa kiko chini, kama daktari alivyokuambia. Niliyekosea ni mimi. Nimeshika probu kinyume. Nisamehe, Wifi. Nisamehe, Mama."

Aliwaonyesha. Akageuza alama ikatazama kichwani, akaweka tena, na ule mviringo mweupe ukahamia kulia, upande wa chini, mahali pake. Aliushika mkono wa Wifi akauweka juu ya nyonga ili naye akiguse kichwa cha mwanawe. Wifi alikigusa, akashusha pumzi ndefu, akasema mwenzenu alikuwa ameshaanza kugawa magauni yake. Safari hii walicheka wote, kicheko cha watu waliotoka kwenye hatari, isipokuwa Tochi.

Mjomba aliwahi. Kosa dogo, alisema, nani hakosei, na si amelirekebisha mwenyewe? Tena bila mwalimu.

"Sijalirekebisha bila mwalimu, Mjomba," Tochi alisema. Sauti yake haikupanda, lakini ilikuwa na uti wa mgongo. "Nimelirekebisha kwa mikono hii, na mikono hii ilifundishwa. Nilikaa chini ya mkunga mkuu aliyenipiga vidole kila nikibana vibaya, mpaka nikaweza kukijua kichwa cha mtoto nikiwa nimefumba macho. Nilikosea mara nyingi sana, na kila nilipokosea alikuwepo mtu nyuma yangu. Sasa niambie, kwenye chumba hiki, huo mwezi ujao, nyuma yangu atakuwepo nani?"

Mjomba akatazama nyuma ya Tochi kana kwamba mtu huyo anaweza kuwa amejificha pale. Palikuwa na ukuta mweupe tu, rangi haijakauka vizuri.

"Mimi nitakosea," aliendelea. "Hilo halina mjadala, kila anayejifunza anakosea. Chuoni nitakosea mbele ya mwalimu. Hapa nitakosea mbele ya mama wa watu, ambaye hana mkunga wa kumpapasa, ataondoka na neno langu ataliamini. Leo alikuwa Wifi, tumecheka. Kesho sitaki kumjua ni nani."

Wifi alijishusha gauni. Mama aliinama akaokota funguo zake, akaziangalia kwenye kiganja. Kisha akamwangalia mkwe wake mtarajiwa muda mrefu, jicho la mwanamke anayepima kitambaa kingine kabisa na kile alichodhani amekuja kununua.

"Ungeweza kutuambia mtoto kageuka," alisema.

"Ningeweza, Mama."

"Na tungeamini."

"Mngeamini."

Mama akatikisa kichwa taratibu, akamgeukia nduguye. "Hicho kibao kiondoe," alisema. "Kinasema yupo, naye bado hayupo. Akirudi utakipigilia mwenyewe kwa mkono wako." Mjomba alianza kunung'unika kuhusu mashine itakayokaa bure, na hapo ndipo Fundi alipomjibu mjomba wake kwa mara ya kwanza. Alisema haitakaa bure. Yupo mpimaji mwenye leseni pale hospitali kubwa anayeweza kuja kwa zamu, yeye mwenyewe atakwenda kuongea naye, na mashine atazidi kuitunza. Mjomba akauliza kama kila mtu amekula njama. Mama akamshika mkono, akamshika na binti yake mkono wa pili, akasema wanakwenda mapokezi kunywa soda, na wanaobaki wabaki.

Mlango ulifungwa. Chumba kikabaki na giza lake la buluu na watu wawili.

Fundi hakumsogelea. Aliketi kwenye kiti cha mpimaji, kile cha magurudumu, akajizungusha nusu, akatulia.

"Nimekuharibia," alisema.

"Umenikwaza. Kuharibia bado."

"Sikia, Tochi." Alikuwa anatazama mikono yake. "Si kwamba sikuamini utapata. Niliogopa utapata. Huko utakaa na madaktari. Watu wa koti jeupe, watu wa maneno makubwa. Mimi ni mtu wa bisibisi. Nikaona nikileta mashine hapa, mlango wa pili kutoka duka la Mjomba, basi hutakuwa na sababu ya kwenda mahali ambapo utanilinganisha."

Hapo, msomaji, ndipo hasira iliyobaki ilipoyeyuka. Mwanamume akijieleza hivyo, bila kujitetea, ameshamaliza nusu ya kesi. Tochi alimwendea, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja chenye jeli iliyoanza kukauka.

"Nani aliniambia mkono huu si wa kumulika?"

"Mimi."

"Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi usiniombe nirudi kumulika. Nakupenda, na unajua, sina haja ya kuapa. Lakini tuelewane. Mimi sikuombi ruhusa ya kwenda. Naenda. Ninachokuomba ni unisubiri. Hayo ni mambo mawili."

Fundi alimtazama. Walitazamana kwa namna ile ambayo wauguzi wa wodini walikuwa wanaikoholea, na Tochi akajikuta anaogopa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, maana la kwanza lilikuwa mikononi mwake na la pili halikuwa. Alijua angeenda hata kama jibu lingekuwa hapana. Alijua pia angelia safari nzima.

"Harusi?" Fundi aliuliza.

"Nikirudi na leseni. Pete yako ya posa naivaa tangu leo, na kila likizo nakuja. Mama nitamwambia mimi."

"Na huko mkifundishwa, mnampima nani? Mnaanzia kwa wagonjwa?"

"Tunaanza kwa kupimana wenyewe kwa wenyewe. Na kwa ndugu wanaojitolea. Mtu anakunywa maji mengi, analala, watu wanamzunguka wanabishana juu ya figo zake."

Fundi alisimama. Alitoa kalamu na bisibisi mfukoni akaviweka juu ya mashine, akavua viatu, akalala juu ya kitanda kile kipya, miguu ikipita ukingo kwa urefu, akafungua vifungo vya shati.

"Sijanywa maji," alisema, "lakini wikiendi nikija huko nitakuwa nimekunywa pipa. Mwambie mwalimu wako kwamba wa kujitolea amepatikana, asihangaike na madaktari."

Tochi alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Machozi aliyoyarudisha mbele ya Mjomba yalitoka sasa, yametafuta wakati mzuri zaidi. Alijipangusa kwa mkono wa nguo, akanawa upya. Akamimina jeli, mtu mzima akaruka kuliko Wifi alivyoruka. Kisha akachukua probu, na kabla haijagusa ngozi akaigeuza kwenye mwanga wa skrini, akakitafuta kile kinundu kwa kidole gumba, akakielekeza kichwani. Alihakikisha mara ya pili. Ndipo akaweka.

"Unaona nini?" Fundi aliuliza, akitazama dari kwa heshima zote za mgonjwa.

"Ini."

"Likoje?"

"Sijui kama ni zima, hilo bado sijasomea. Ila liko upande wake."

"Na moyo? Hebu panda juu kidogo."

Mkono ulitelezesha probu hadi chini ya kifua, ukasimama hapo, haukutetemeka. Tochi alitazama skrini, kisha akautazama uso uliokuwa umelala mbele yake ukimngojea.

"Moyo tunasoma mwaka wa pili," alisema.

Fundi aliushika mkono ule pamoja na probu yake na jeli yake, akaubakiza palepale kifuani.

"Basi nitasubiri mwaka wa pili," alisema.

Nje, kwenye korido, Mjomba alikuwa ameshaanza kung'oa misumari.